Mboga Chungu, Ndagala na Ulimi Unaofundishika

Kama nyumbani kwako kuna mtu anayesukuma bakuli la lengalenga pembeni huku akingoja viazi vya kukaanga, usimgombeze kwanza. Chukua kijiko, uionje ile mboga wewe mwenyewe. Mara nyingi utakuta hana makosa. Imechemshwa mpaka imepata rangi ya tope, maji yake yamemwagwa pamoja na utamu wake, chumvi imetupwa juu juu dakika ya mwisho, na ndani hamna kitu cha kuita mate. Halafu tunamwambia ale kwa sababu ina vitamini. Anaimeza kama anayemeza kwinini, na siku akishika faranga zake mwenyewe anakwenda kununua soda na maandazi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayepika kwenye mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Gitaza na Magara katika Muhuta hadi Rumonge mjini, ambaye anataka watu wa nyumbani kwake wapende kwa moyo vyakula vinavyojenga mwili. Wapende, si wavumilie. Bahati yetu ni kwamba vyakula hivyo havihitaji kutafutwa mbali. Muhuta milima inaanza pale pale maji yanapoishia. Kutoka juu yanashuka maharagwe, mahindi, viazi vitamu na ndizi, na chini kuna ndagala, mukeke, kuhe na sangala. Ukifuata barabara ya taifa namba 3 kuelekea kusini unaingia katika nchi ya michikichi, na Rumonge inajulikana Burundi nzima kwa mawese yake. Katika mabonde kuna lengalenga, intore (nyanya chungu), nyanya, vitunguu, na kila uwanja una mpapai au mparachichi. Kilichobaki ni mkono wa mpishi na uzoefu wa ulimi.

Ulimi unavyojifunza

Mtoto huzaliwa akipenda kitu kitamu na kukunja uso kwa kitu kichungu. Hayo ni maumbile, maana porini kitu kitamu aghalabu ni tunda, na kichungu huenda kikawa sumu. Zaidi ya hapo, karibu kila tunachokipenda tumejifunza kukipenda. Hakuna aliyezaliwa akitamani pilipili, wala kahawa isiyo na sukari, wala harufu ya muhogo uliovundikwa. Hata hivyo mtu wa huku akikaa ugenini bila ugali wa muhogo atakuambia hajala, hata kama ameshiba wali kila siku.

Mwaka 1982 watafiti Leann Birch na Diane Marlin walichapisha nchini Marekani kazi yao juu ya watoto wa miaka miwili walioonjeshwa vyakula vigeni, vingine mara chache, vingine hadi mara 20. Chakula kilichoonjwa mara nyingi zaidi ndicho kilichopendwa zaidi. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba mtoto huenda akahitaji kuonja kitu kigeni mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali. Wazazi wengi tunakata tamaa mara ya tatu au ya nne, tunasema "huyu hapendi mboga," na maneno hayo yanamganda mtoto mpaka anakuwa mtu mzima asiyekula mboga.

Kwa hiyo panga kuonjesha, usipange kulisha. Kijiko kimoja kidogo cha sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye sahani yake, pembeni ya chakula anachokijua, leo na kesho kutwa na siku nyingine tena. Akikilamba na kukiacha, amesoma somo la siku hiyo. Usimshike kichwa, usimwahidi kitu. Hili la ahadi linawashangaza wazazi, lakini Birch na wenzake walilipima pia, katika utafiti wa mwaka 1984: watoto waliopewa zawadi ili wanywe kinywaji fulani waliishia kukipenda kile kinywaji kwa kiasi kidogo kuliko mwanzo. Mtoto ana akili. Akiambiwa "maliza lengalenga ndipo upate biskuti," anaelewa kwamba biskuti ndiyo chakula kizuri na lengalenga ni adhabu ya kupitia.

Somo lenyewe huanza mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa Kituo cha Monell cha Philadelphia walichapisha matokeo ya kina mama waliokunywa maji ya karoti katika miezi ya mwisho ya mimba au miezi ya kwanza ya kunyonyesha. Watoto wao walipoanza kulishwa uji wenye ladha ya karoti waliupokea kwa uso mkunjufu kuliko watoto wengine. Ladha ya anachokula mama hupita kwenye maji ya uzazi na kwenye maziwa. Mama mjamzito, hii ni habari njema kwako: sahani yako ya sombe na ndagala ni darasa la kwanza la mwanao, na unamfundisha bila kusema neno.

Lipo jambo la kuwapa watu nafasi. Mwaka 1931 mkemia Mmarekani Arthur Fox alikuwa akifanya kazi na unga fulani, ukapeperuka. Mwenzake akalalamika kwamba hewa ni chungu sana, Fox mwenyewe hakuhisi chochote. Ndipo watu wa sayansi walipoanza kuelewa kwamba tunazaliwa na ndimi zinazotofautiana katika kuhisi uchungu. Kwa hiyo mtoto mmoja katika nyumba anaweza kula intore kama embe, na ndugu yake wa tumbo moja akahisi kinywa kinawaka. Huyu wa pili si mkaidi. Anahitaji kuonjeshwa mara nyingi zaidi na mboga iliyopikwa vizuri zaidi.

Darasa la majirani

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016–2017 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Burundi walio chini ya miaka mitano, 56 wamedumaa. Njaa na umaskini ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya mzigo huo, na sitamwambia mtu asiye na chakula kwamba tatizo lake ni ulimi. Lakini hata chakula kichache kina namna ya kupikwa na kuzoewa, na nchi yetu ina mpango unaofundisha hasa hilo. Unajulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, FARN. Kina mama wa kilimani waliochaguliwa, waitwao Mamans Lumières, huwakusanya kina mama wenzao na watoto wao dhaifu kwa siku 10 hadi 12 hivi mfululizo. Kila mmoja analeta alichonacho, huyu konzi ya maharagwe, yule fungu la lengalenga, mwingine ndagala kidogo, wanapika sufuria moja, watoto wanakula pamoja.

Mizizi ya mbinu hii iko Vietnam. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jerry na Monique Sternin wa Save the Children waliwatafuta wazazi maskini ambao watoto wao, katika kijiji kile kile chenye utapiamlo, walikuwa na afya. Wakakuta wazazi hao wanaokota kamba na kaa wadogo kwenye mashamba ya mpunga na kuwachanganya na wali pamoja na majani ya viazi vitamu. Majirani waliviona vitu hivyo kuwa havifai watoto. Mtu wa ziwani akisoma habari hiyo hawezi kukosa kuwakumbuka ndagala na matembele ya kwetu.

Ninachokipenda katika darasa hili ni mchanganyiko wa mambo mawili ambayo ulimi unayahitaji: kurudiarudia na kuwa na wenzako. Mtoto aliyemwona mwenzake wa rika akichovya ugali katika sombe kwa furaha anajifunza zaidi kuliko kwa hotuba ya mzazi. Huna haja ya kungoja mpango ufike kwenu. Zungumza na majirani wawili, mpike pamoja siku za jioni kwa wiki mbili, sufuria moja, chakula kile kile cha kawaida, watoto wakae duara moja. Wale wagumu wawekwe katikati ya wale wepesi.

Uchungu uuchukue pole pole

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa.

Sombe ni malkia wa mboga zetu na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Chuma majani ya juu, laini, yale ya rangi ya kijani kibichi. Ya chini ni magumu na makali. Yatwange mpaka yalainike kabisa, na katika kinu hicho hicho tia kitunguu saumu, majani ya kitunguu na pilipili mbichi moja ya kijani kama watu wako wanaiweza. Majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu ya sianidi. Kutwanga kunapasua jani na kuiachia sumu ile, na kuchemsha bila kufunika kunaitoa pamoja na mvuke. Basi usile sombe mbichi, usiipike haraka, na nusu saa ya kwanza iache sufuria wazi. Baada ya hapo ndipo uweke biringanya iliyokatwa vipande vidogo, ambayo inayeyuka na kuupa mchuzi uzito, kisha unga wa karanga zilizokaangwa. Mafuta ya karanga yanaufunika uchungu na kuufanya uwe nyuma ya ladha badala ya kuwa mbele. Mawese yaje karibu na mwisho, vijiko vichache, ili rangi na harufu yake zibaki.

Lengalenga inataka kinyume chake. Sombe ni mboga ya uvumilivu, lengalenga ni ya dakika. Ioshe kabla ya kukata, si baada ya kukata, ili yaliyomo yasioshwe pamoja na vumbi. Kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo mpaka nyanya ivunjike kabisa na kuanza kushika sufuria, tia mboga na maji yaliyobaki kwenye majani, funika, dakika tano mpaka kumi, epua ingali kijani. Kamulia ndimu juu. Ukiipika hivi mara moja utashangaa kwamba ni mmea ule ule.

Intore zina siri ndogo. Nunua changa, zenye ngozi inayong'aa, ambazo mbegu zake ndani bado nyeupe. Zilizokomaa na kuanza kugeuka rangi ni chungu kupita kiasi kwa anayejifunza. Zikate nne, ziloweke katika maji yenye chumvi wakati unaandaa vitu vingine, umwage maji hayo, uzipike pamoja na nyanya na ndagala. Kwa mtoto anza na robo moja ya intore ndani ya bakuli la maharagwe. Mtu mzima ambaye hakulelewa nazo aanze hivyo hivyo, hakuna aibu.

Chumvi kidogo katika mboga chungu si anasa. Mwaka 1997 Paul Breslin na Gary Beauchamp wa kituo kile kile cha Monell walionyesha kwamba chumvi hupunguza uchungu tunaouhisi, na uchungu ukipungua utamu uliokuwa umefichwa unajitokeza. Ndiyo maana mboga isiyo na chumvi kabisa inamkinaisha mgonjwa aliyeamriwa aache chumvi. Itie kwenye mboga, uipunguze kwingine.

Ndagala, na sababu ya watoto kuwakataa

Sababu ni mchanga. Kwa miaka mingi ndagala wameanikwa chini ufukweni, na hakuna kinywa kinachopenda kusaga mchanga. Wale wanaoanikwa kwenye vitanda vya waya, juu kidogo ya ardhi, njia ambayo FAO imeieneza katika mwambao wa Burundi, wanakauka haraka, hawana mchanga, na harufu yake ni safi. Ukiwa sokoni waulize wauzaji, uwatofautishe kwa jicho na kwa pua: ndagala mzuri anang'aa kama fedha, mkavu kiasi cha kuvunjika, hana harufu kali ya mafuta yaliyochacha. Bei yake itakuwa juu. Nunua kidogo zaidi kuliko ulivyozoea, lakini nunua hao.

Bei hufuata pia mwezi. Wavuvi huwavuta ndagala kwa taa, na taa hufanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kamili kazi hupungua na soko hukauka. Mwenye nafasi na anunue siku za giza, akaushe vizuri, aweke akiba mahali pakavu.

Kabla ya kupika waoshe katika maji mengi, mara kadhaa, ukiwainua kwa mikono juu ya maji badala ya kuyamwaga, ili mchanga ubaki chini. Wakaushe tena juani kidogo. Kisha wakaange katika sufuria kavu bila mafuta, moto wa chini, mpaka harufu ibadilike na iwe ya kitu kilichochomwa. Hapo wanaweza kuliwa hivyo hivyo na pilipili na ndimu. Au uwatwange. Unga wa ndagala ndio chombo kikubwa ninachotaka kukuachia katika mwongozo huu.

Mwaka 1908 mkemia Mjapani Kikunae Ikeda alichunguza supu ya mwani aliyopikiwa nyumbani, akatambua ladha iliyo tofauti na utamu, uchachu, chumvi na uchungu, ile ladha nzito ya nyama na mchuzi inayokaa kinywani. Wenzake baadaye waliikuta pia katika samaki waliokaushwa. Nyanya iliyoiva ina aina moja ya viini vya ladha hiyo, samaki mkavu ana aina nyingine, na viwili hivyo vikikutana ladha inazidi jumla yake. Bibi zetu wa mwambao walikuwa wakikutanisha nyanya na ndagala bila kuambiwa na mtu. Leo tumeiweka kazi hiyo mikononi mwa mchemraba wa mchuzi wa dukani, ambao sehemu yake kubwa ni chumvi. Kijiko cha unga wa ndagala katika lengalenga, maharagwe au sombe kinafanya kazi ile ile, na juu yake kinaleta protini, na kwa kuwa samaki mzima amesagwa na mifupa yake, kinaleta kalsiamu. Kijiko cha chai kimoja katika uji mzito wa mtoto aliyefika miezi sita kinatosha, baada ya kuhakikisha unga ni laini kabisa na umechekechwa.

Na samaki wakubwa? Mukeke wa kuchomwa na kitunguu na ndimu hahitaji mwalimu. Shida yake ni mgawo. Katika nyumba nyingi samaki anakwenda kwa baba, watoto wanabaki na mchuzi. Baba unayesoma hapa, mwite mtoto wako mdogo akae karibu nawe, umtolee miiba, umpe kipande chako. Atapata protini, na atajifunza kupenda samaki kutoka mkononi mwa mtu anayemheshimu kuliko wote.

Mawese

Watu wawili watakuambia mambo yanayopingana juu ya mawese na wote wawili watakuwa wanasema kweli. Rangi yake nyekundu ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na macho ya mtoto yanaihitaji. Pia karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina nzito, ile inayoupa moyo kazi ikizidi. Mwambao wetu una mawese kwa wingi, na kwa mazoea tunayamimina mpaka mchuzi unaelea.

Ninavyoona mimi, fanya mambo haya. Usiyachemshe mpaka yapoteze wekundu na kutoa moshi, kwa sababu hapo umeiunguza karotini na kubakiza mafuta matupu. Yatie mwishoni, kama nilivyosema kwenye sombe. Mtoto mdogo usimnyime, tumbo lake ni dogo na anahitaji nguvu nyingi katika chakula kichache, na karotini hufyonzwa vizuri pakiwa na mafuta. Watu wazima, hasa wenye miaka iliyokwenda na uzito ulioongezeka, wapunguze. Kwao mawese yawe rangi na harufu. Sahani ya maharagwe na nusu ya parachichi lililopondwa na chumvi na ndimu inaridhisha kinywa kilichozoea mafuta, na maparachichi yetu ni ya mafuta kweli, si yale ya majimaji.

Maharagwe yenyewe yaloweke usiku, umwage maji, yapike na kitunguu kizima tangu mwanzo, nyanya iingie yakishalainika kwa sababu uchachu huyachelewesha kuiva. ISABU, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, imetoa mbegu zenye madini ya chuma zaidi. Uliza kwa maafisa wa kilimo wa tarafa. Ndimu mezani husaidia mwili kuyachukua madini hayo, na chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia, kwa hiyo chai isogezwe saa moja au mbili mbele.

Kupunguza bila watu kulalamika

Chumvi ndiyo rahisi kuliko vyote kama una subira. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko cha chai kilichosawazishwa, na hapo mchemraba na samaki wa chumvi vimo katika hesabu. Ukipunguza nusu kwa siku moja, nyumba nzima itakulalamikia. Punguza kidogo kiasi kwamba hakuna atakayejua, ukae wiki mbili, upunguze tena. Mwaka 1982 Mary Bertino na wenzake, tena wa Monell, walichapisha habari za watu walioishi miezi mitano kwa chakula chenye chumvi kidogo. Mwisho wake watu hao waliipenda supu yenye chumvi kidogo kuliko ile waliyoipenda mwanzo. Ulimi ulikuwa umehama. Kwa hiyo ukifika wiki ya tatu ukaona chakula kimepooza, usirudi nyuma. Uko katikati ya njia. Ongeza ndimu, pilipili, kitunguu saumu, unga wa ndagala.

Sukari ya chai ifuate kanuni hiyo hiyo, nusu kijiko kwa nusu kijiko. Soda ya sentilita 33 ina sukari kiasi cha gramu 35, zaidi ya vijiko nane vya chai. Iwe ya harusi na sikukuu. Mezani weka papai lenye ndimu, au maji ya marakuja yasiyotiwa sukari nyingi.

Kuhusu viazi vitamu nina jambo moja ambalo wataalamu wenyewe walijifunza kwa shida. Viazi vya rangi ya chungwa vina karotini ambayo vyeupe havina, lakini vilipoletwa Afrika Mashariki watu wazima walivikataa kwa sababu vilikuwa vya majimaji, na mtu wa huku anataka kiazi kikavu cha kujaa mkononi. Mganda Robert Mwanga alifanya kazi ya miaka kupata mbegu za rangi hiyo zenye ukavu tunaoupenda, na mwaka 2016 akatunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis. Ukipata mbegu, chagua zile kavu. Vioke kwenye majivu ya moto badala ya kuvichemsha, utamu unakolea.

Uanze na nini

Chagua kitu kimoja, usigeuze jiko zima kwa mara moja. Kama una watoto wadogo, anza na unga wa ndagala, maana faida yake ni kubwa na hakuna atakayepinga ladha yake. Kama una vijana, anza na lengalenga ya dakika kumi. Panda miche michache katika karima k'igikoni, bustani ndogo ya jikoni, karibu na mlango, kwa kuwa mboga iliyochumwa jioni hiyo hiyo haina uchungu wa ile iliyoshinda juani sokoni, na mtoto aliyeimwagilia hataikataa kirahisi.

Kama nyumbani kuna mzee mwenye shinikizo la damu, usimpikie kando. Chakula cha kando kinamfanya ajione mgonjwa hata kabla hajaketi, na atakila kwa huzuni, kisha atakwenda kuomba kwa jirani. Pikeni sufuria moja yenye chumvi ya mzee, na kopo la chumvi liwekwe mezani kwa yule ambaye ulimi wake bado haujahama.